Vifungo viwili viwili: Coldstream Guards na zamu yao kwenye lango la mfalme wa Uingereza

#1 Mpitanjia (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Kwa miaka tisa nimekuwa nikipita Birdcage Walk alfajiri nikielekea kibaruani. Mkono mmoja bustani ya St James's, mkono wa pili uzio wa kambi ya Wellington, wanakojipanga askari wanaolinda kasri la Buckingham hapa London. Nimewasikia wakipiga kwata kabla hapajapambazuka vizuri, kwenye mvua na kwenye baridi ya kukata masikio. Nikajiona nawafahamu.

Mwaka jana mjomba wangu alikuja kwa mahafali ya binti yake. Mjomba ni sajini mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufundisha kuruti kwata. Nikampeleka kasri la Windsor, kesho yake Buckingham, tukaona lindo likibadilishwa. Watu wote walikuwa wanapiga picha zile kofia ndefu za manyoya. Mjomba aliangalia vifua. Akaniuliza: "Wa jana vifungo vyao vilikuwa kimoja kimoja. Hawa ni viwili viwili. Kwa nini?"

Sikuwa na jibu, na lilinichoma. Nikaanza kusoma, na nimesoma mwaka mzima.

Jibu fupi ni hili: vifungo viko viwili viwili kwa sababu kikosi kile, Coldstream Guards, kinahesabiwa cha pili. Jibu refu ni kwamba chenyewe hakijawahi kukubali kuwa cha pili. Na ukilijua hilo, lile gwaride unaliona upya kuanzia viatuni hadi kofiani.

Tuanzie mwaka 1650. Mwaka mmoja nyuma, Januari 1649, Waingereza walikuwa wamemkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza. Nchi iko chini ya Bunge na jeshi, na mkuu wa vita ni Oliver Cromwell, anajiandaa kuingia Uskoti. Cromwell ana afisa anayemtaka sana, George Monck. Shida ni kwamba Monck alikuwa amepigana upande wa mfalme, akatekwa Nantwich mwaka 1644, akafungwa zaidi ya miaka miwili katika ngome ya Tower of London. Cromwell alipotaka kumkabidhi rejimenti iliyokuwa tayari, askari walimkataa: huyu tulimteka wenyewe, leo awe kamanda wetu? Ndipo ikabidi atengenezewe kikosi kipya, kombania tano zikitolewa rejimenti ya Hesilrige na tano rejimenti ya Fenwick. Hiyo ilikuwa Agosti 1650. Tarehe 3 Septemba walikuwa tayari vitani Dunbar.

Kwa hiyo kikosi kinachomlinda mfalme leo kiliundwa na watu waliomwondoa mfalme. Hapo mjomba alinyamaza kwanza, kisha akasema nirudie.

Nitaendelea. Ngojeni nimalize zamu.

#2 Kuruti wa Zamani

Naweka kambi hapa. Nimepita JKT, nilidhani kwata ni kwata tu, mguu sawa na nyuma geuka. Endelea mkuu.

#3 Mpitanjia

Nimerudi.

Cromwell alifariki Septemba 1658. Mwanawe akashindwa kushika nchi, majenerali wakaanza kuvutana, Bunge likafukuzwa na kurudishwa. Monck wakati huo ndiye mkuu wa majeshi Uskoti. Mwezi Desemba 1659 alipiga kambi katika kijiji kidogo cha mpakani, ukingoni mwa mto Tweed. Kijiji kinaitwa Coldstream. Baridi kali, nyumba chache, na maelfu ya askari wanasubiri mtu mmoja aamue.

Tarehe 1 Januari 1660 akavuka mto. Safari ya kwenda London kwa miguu, katika theluji, ilichukua wiki tano hivi, na karibu hakukutana na upinzani. Mwanzoni mwa Februari alikuwa ameingia mjini. Na alikuwa mtu msiri kupita kiasi: njia nzima hakuna aliyejua kwa hakika anakwenda kumsaidia nani. Mwisho wa safari ile ulikuwa kurudi kwa Charles wa Pili, aliyeingia London tarehe 29 Mei 1660, siku aliyotimiza miaka 30.

Jeshi lote la zamani likaanza kuvunjwa, na rejimenti ya Monck nayo ilikuwa kwenye orodha. Januari 1661 ukazuka uasi wa kidini mjini London, wakaitwa hao hao kuuzima. Mfalme akaona hawezi kulala bila walinzi. Tarehe 14 Februari 1661 wakapangwa kwenye kilima cha Tower Hill, wakaambiwa waweke silaha chini. Wakaziweka. Wakati huo hawakuwa tena askari wa Bunge. Kisha wakaamriwa waziokote, na walipoinuka nazo walikuwa walinzi wa mfalme.

Monck alipofariki Januari 1670, wakachukua jina la kile kijiji. Hawakuchukua jina la mfalme wala la mji mkubwa. Walichagua mahali walipovukia mto.

#4 Bint Kilindini

Mkuu kuna hesabu hapa hainiingii. Wameundwa 1650. Hao wa kwanza waliundwa lini hata wawe mbele yao?

#5 Mpitanjia

Dada, umegusa penyewe.

Wanaohesabiwa wa kwanza ni Grenadier Guards. Asili yao ni mwaka 1656, mjini Bruges, Charles wa Pili akiwa uhamishoni, alipojiundia kikosi cha wafuasi wake. Kwa umri, Coldstream wanawazidi miaka sita. Lakini hesabu iliyowekwa ni ya siku ya kuingia katika utumishi wa mfalme. Grenadier walikuwa wa mfalme tangu kuzaliwa kwao. Coldstream walianza kuwa wa mfalme pale Tower Hill, 1661. Basi wakawekwa wa pili.

Walijibu kwa maneno mawili ya Kilatini, Nulli Secundus, yaani si wa pili kwa yeyote. Ndiyo kaulimbiu yao mpaka leo. Na walinzi wa miguu wanapojipanga pamoja, Grenadier husimama kulia kabisa mwa mstari, mahali pa heshima ya kwanza. Coldstream hawasimami wa pili kutoka kulia kama hesabu ingetaka. Wanasimama kushoto kabisa, mwisho wa mstari. Afadhali kushika ncha nyingine kuliko kumfuata mdogo wako begani.

#6 Bint Kilindini

Sasa nimekuelewa, na hili mimi nalijua kwa jina jingine. Sisi Mombasa wazee wetu walikuwa na beni. Wazungu walipokuja na bendi zao za tarumbeta na gwaride, watu wa mwambao wakalichukua, wakalifanya ngoma yao: vyeo, mavazi, mistari iliyonyooka, na mashindano makali baina ya makundi. Hapa mjini walikuwapo Kingi na Scotchi, na kwengine Marini na Arinoti. Nyanya yangu alikuwa akinihadithia, nani alitangulia kupita na nani alifuata lilikuwa jambo la kununiana mwaka mzima. Watu husema beni ilikuwa kuiga tu. Mimi sioni hivyo. Waliona kwamba gwaride ni lugha ya kusemea heshima, wakaisema kwa mdomo wao.

#7 Mpitanjia

Asante sana kwa hili, dada. Nalihifadhi.

Na kwa kuwa ni lugha, tuisome basi. Rejimenti za walinzi wa miguu ni tano, na ukisimama nje ya uzio unaweza kuzitambua bila kuuliza mtu. Grenadier vifungo kimoja kimoja, na kwenye kofia shungi jeupe upande wa kushoto. Coldstream viwili viwili, shungi jekundu upande wa kulia. Scots Guards vitatu vitatu, na hawana shungi kabisa. Irish Guards, walioundwa na Malkia Victoria Aprili 1900 kwa heshima ya Waayalandi waliopigana vita vya Makaburu, vinne vinne na shungi la buluu. Welsh Guards ndio wadogo, 1915, vitano vitano, shungi jeupe lenye mkanda wa kijani katikati. Hao waliundwa mwishoni mwa Februari na tarehe 1 Machi, sikukuu ya mtakatifu wa Wales, walikuwa tayari wameshika lindo la kasri. Siku chache tu!

Scots kukosa shungi kuna maelezo yanayosikika vizuri: kwenye mstari wa vita wao walikaa katikati, wenzao wenye shungi la kushoto na la kulia wakiwa pembeni, kwa hiyo hawakuhitaji alama.

#8 Kuruti wa Zamani

Hiyo kofia yenyewe ni ya nini? Kwenye jua si mateso? Na ni dubu wa kweli?

#9 Mpitanjia

Ni dubu wa kweli, dubu mweusi wa Kanada. Urefu wake kama sentimita 46. Grenadier ndio walioianza baada ya vita vya Waterloo, 1815, kama kumbukumbu ya kuwashinda walinzi wa Napoleon. Coldstream na Scots waliipata baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1830. Ilitokana na kofia za warusha mabomu wa zamani, na faida yake ilikuwa kumfanya askari aonekane jitu.

Suala la dubu lina ubishi mkubwa hapa Uingereza, watetezi wa wanyama wanataka manyoya ya kiwandani. Mimi nawaunga mkono. Historia ya kikosi hiki haikai kwenye ngozi ya mnyama.

Kuhusu jua: ndiyo, kila mwaka wapo wanaozimia. Hufundishwa kuchezesha vidole vya miguu ndani ya viatu ili damu isikae chini.

Na tukiwa Waterloo, kuna jambo lazima nilieleze kwa kirefu, maana bila hili huwezi kuwaelewa Coldstream.

Tarehe 18 Juni 1815. Mbele ya ubavu wa kulia wa jeshi la Wellington, jenerali wa Waingereza, kulikuwa na shamba lenye nyumba, bustani na kuta, linaitwa Hougoumont. Likichukuliwa, Wafaransa wanapata njia ya kuupinda mstari mzima. Ndani wakawekwa kombania nyepesi za walinzi pamoja na askari wa Kijerumani, na kadiri siku ilivyokwenda karibu batalioni nzima ya pili ya Coldstream ikaingia. Kamanda wa ndani alikuwa Luteni Kanali James Macdonell, Mskoti mwenye mwili mkubwa.

Lango la kaskazini lilikuwa limeachwa wazi ili risasi na watu waweze kuingia kutoka nyuma. Wafaransa wakalizunguka shamba, na afisa wao mmoja, jitu anayekumbukwa kwa jina la Legros, akalivunja lango kwa shoka. Wakaingia uani watu kama thelathini au arobaini. Fikirini dakika ile. Nyuma yao wengine wanakuja. Macdonell akakimbilia lango na watu wachache, miongoni mwao koplo kutoka Ayalandi aitwaye James Graham, wakaegemeza mabega, wakalisukuma mpaka likafunga, wakapachika gogo. Waliobaki ndani waliuawa wote isipokuwa mtoto mpiga ngoma.

Baadaye ghala likawaka moto, na majeruhi wakiwamo ndani. Graham akaomba ruhusa atoke kwenye nafasi yake kidogo. Aliulizwa kwa nini, wakati mapigano bado makali. Akasema ndugu yake yumo kwenye moto. Akaenda, akamtoa, akamlaza pembeni, akarudi kwenye nafasi yake. Nimesoma habari nyingi za vita, na hii ndiyo inayonirudia usiku.

Wellington mwenyewe inasemekana alitamka kwamba ushindi wa Waterloo ulisimama juu ya kufungwa kwa lile lango. Na masajini wa Coldstream wanalo tofali la Hougoumont. Kila mwaka, mwezi Desemba, wanalitundika kwenye mesi yao kwa sherehe kamili. Tofali! Wangeweza kutukuza upanga au taji.

#10 Mwana Nyeri

Nimesoma yote. Ninalo swali na nyongeza.

Nyongeza kwanza. Wengi wanajua kwamba Februari 6, 1952, Elizabeth alikuwa huku kwetu Nyeri, hoteli ya Treetops na baadaye nyumba ya Sagana, alipokuwa malkia bila yeye mwenyewe kujua, baba yake akiwa amefariki usiku. Wasichokijua wengi ni kwamba tangu mwaka 1942 alikuwa kanali wa heshima wa Grenadier. Na Septemba 2022 waliobeba jeneza lake walikuwa askari wa Grenadier, wa kombania yake mwenyewe.

Swali: sisi Kenya kila Jamhuri, Desemba 12, jeshi linapitisha bendera ya kikosi mbele ya Rais, kwa mwendo wa pole halafu wa haraka. Hilo limetoka kwa hawa?

#11 Mpitanjia

Ndiyo, ndugu, mzizi ni huo huo, umefika kwenu kupitia jeshi la kikoloni.

Zamani, kwenye moshi wa baruti, askari hakuona kitu isipokuwa bendera ya kikosi chake. Akipotea, aliitafuta bendera. Kwa hiyo ilibidi aijue kama anavyojua mlango wa kwao. Ndiyo maana ikawa inapitishwa polepole mbele ya safu, mstari kwa mstari, kila mtu aione kwa macho yake. Lilikuwa somo kabla halijawa sherehe.

Hapa London sherehe hiyo, Trooping the Colour, inaadhimisha siku ya kuzaliwa mfalme tangu mwaka 1748. Hufanyika Juni kwenye uwanja wa Horse Guards, hata kama mfalme kazaliwa mwezi mwingine. Charles wa Tatu amezaliwa Novemba, na Edward wa Saba naye alikuwa wa Novemba. Ndiye aliyeihamishia kwenye majira ya joto ili watu wasinyeshewe. Wanashiriki askari zaidi ya 1,400, farasi 200 na wanamuziki 400. Kila mwaka bendera ya batalioni moja tu ndiyo inayopitishwa. Tarehe 14 Juni 2025 ilikuwa zamu ya Coldstream, na iliyoibeba ni Kombania Namba 7, inayotunza bendera na mila za batalioni ya pili, ile ya Hougoumont, iliyosimamishwa mwaka 1993. Siku mbili kabla ndege ya Air India ilikuwa imeanguka Ahmedabad. Mfalme na maafisa wakavaa vitambaa vyeusi mkononi, wakasimama kimya dakika moja.

Nilikuwepo siku hiyo, nyuma kabisa ya watu, nimesimama juu ya ukingo wa barabara. Bendera ilipoanza kupita kwa mwendo wa pole uwanja ulinyamaza, ukasikia viatu tu kwenye changarawe.

#12 Kuruti wa Zamani

Tueleze lile lindo la kila siku sasa. Linabadilishwaje?

#13 Mpitanjia

Kwanza ondoeni wazo kwamba lindo ni moja. Lindo la Mfalme ni makundi mawili, la Buckingham na la kasri la St James's, na kamanda wa lindo lote hukaa St James's. Sababu ni kwamba Buckingham imekuwa makazi ya mfalme tangu Victoria alipohamia mwaka 1837 tu. Kabla ya hapo baraza lilikuwa St James's, na mpaka leo mabalozi wanaokuja Uingereza huandikishwa rasmi kwenye baraza la St James's.

Siku ya kubadilishana, lindo linalotoka linajikusanya, kundi la St James's likitembea na ngoma hadi Buckingham kuungana na wenzake. Lindo linaloingia linatoka kambi ya Wellington na bendi. Saa tano asubuhi wanakutana ua wa mbele. Wanapeana heshima ya silaha, kisha makapteni wawili wanasogeleana na kugusana mikono ya kushoto. Mguso huo ndio kukabidhiana funguo za kasri. Ni kitu cha sekunde moja, na watu wengi hukikosa kwa kuangalia bendi. Wakati walinzi wapya wanapelekwa vibandani, bendi inapiga muziki, maafisa vijana wanatembea na bendera kwenda na kurudi. Yote huchukua kama dakika 45.

Mbele ya kasri mkiona askari wanne vibandani, mfalme yupo. Wakiwa wawili, hayupo. Kila mmoja anasimama saa mbili, anapumzika saa nne. Bunduki ni ile ile wanayokwenda nayo vitani, na singe ni ya chuma kweli. Mtu akimkaribia vibaya, askari hupiga mguu chini kwa nguvu, kisha humkemea aondoke mbele ya lindo la mfalme, na akiendelea hushusha bunduki mbele ya kifua. Zamani vibanda vilikuwa nje ya uzio, watu wakiwasumbua askari mpaka ikawa kero. Mwaka 1959 wakahamishiwa ndani.

Bendi nayo ina siku zake. Tarehe 13 Septemba 2001, siku mbili baada ya mashambulizi ya New York, Malkia alitoa ruhusa mila ivunjwe, bendi ya Coldstream ikapiga wimbo wa taifa wa Marekani ndani ya ua wa Buckingham. Wamarekani waliokwama London baada ya ndege kuzuiwa walikuwa wameshika vyuma vya uzio wakilia.

#14 Jinja Road

Ndugu zangu, uzi ni mzuri, ila tusiwaone kama watu wa gwaride na muziki pekee. Januari 1964 askari wetu wa Uganda walipoasi Jinja kudai mishahara na maafisa wazalendo, Serikali ikaomba msaada Uingereza. Walioletwa kutoka Kenya ni rejimenti za Staffordshire na Scots Guards, hao hao wa vifungo vitatu vitatu. Walizingira kambi ya Jinja alfajiri. Babu yangu aliwaona barabarani, hawakuwa na kofia za manyoya.

#15 Mpitanjia

Mzee wangu, umesema kweli na ninashukuru umesema. Wiki hiyo hiyo Tanganyika nayo ilikuwa kwenye moto huo huo, ingawa kwetu waliokuja walikuwa makomando wa majini. Na Coldstream wenyewe walikuwa Misri 1882 na Suakin, Sudan, 1885, na si kwa kulinda lango la mtu. Walikuwa mkono wa dola. Siwezi kuandika habari zao nikaliruka hilo.

Na mkono huo nao uliumia. Oktoba 1914, karibu na Ypres, Ubelgiji, batalioni ya kwanza ya Coldstream ilipigwa mpaka ikabaki na watu wapatao 150 na afisa mmoja, yule wa ugavi. Tarehe 15 Septemba 1916, karibu na Ginchy huko Somme, Ufaransa, batalioni zao tatu zilishambulia bega kwa bega kwa mara ya kwanza. Risasi za bombomu zikawavuruga, hakuna sauti ya binadamu iliyosikika. Luteni Kanali John Campbell akatoa pembe ya kuwindia mbweha, akaipiga. Watu wakaijua ile sauti, wakajikusanya wakasonga. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa.

Halafu kuna siku ninayoifikiria kila nipitapo Birdcage Walk. Ndani ya kambi ya Wellington, upande wa barabara, mna kanisa la walinzi. Jumapili ya tarehe 18 Juni 1944, siku ya kumbukumbu ya Waterloo, watu wakiwa ibadani, kombora la Kijerumani la V-1 likaangukia paa. Walikufa 121, askari na raia. Miongoni mwao alikuwa Meja Windram, mkuu wa bendi ya Coldstream. Lilijengwa upya na kufunguliwa 1963. Kwa nje ni jengo la kawaida, jeupe, na mimi nililipita miaka minane bila kujua.

Mwaka 2007 na tena 2009 Coldstream walikuwa Helmand, Afghanistan. Waliorudi salama walibadilisha nguo, wakarudi kusimama kwenye vibanda vile vile. Mtalii anayemfanyia vituko askari asiyecheka hajui anamfanyia nani.

#16 Bint Kilindini

Hapo umenigusa. Na wasiokuwa Wazungu, wamo?

#17 Mpitanjia

Wamo sasa, kwa taabu. Kwa muda mrefu mno hakukuwa na sura nyeusi kwenye mstari ule. Ni katika miaka ya 1980 mlango ulipoanza kufunguka, na waliotangulia walipitia matusi. Juni 2018 askari Kalasinga wa Coldstream alipita kwenye Trooping the Colour akiwa na kilemba cheusi mahali pa kofia ya dubu, mara ya kwanza katika historia ya sherehe hiyo, na kilemba kikiwa na nyota ya kikosi. Mstari haukupinda kwa sababu ya kilemba.

#18 Mwana Nyeri

Ukimaliza, niambie mgeni akija London siku moja tu akaone nini. Buckingham kuna msongamano sana.

#19 Mpitanjia

Ningempeleka usiku, Tower of London, ile ile aliyofungwa Monck. Tiketi huombwa mapema sana.

Kila usiku saa nne kasoro dakika saba, mkuu wa walinzi wa ngome anatoka na taa na funguo, akisindikizwa na askari wa rejimenti iliyo zamu. Wanafunga malango ya nje moja moja. Wakirudi, chini ya tao la giza, askari wa lindo anawazuia na singe mbele:

"Simama! Nani ajaye?"
"Funguo."
"Funguo za nani?"
"Funguo za Mfalme Charles."
"Pita, Funguo za Mfalme Charles. Kote shwari."

Basi. Hakuna picha, hakuna kamera. Saa inagonga nne wakati tarumbeta inamalizia. Wakati wa Vita ya Pili bomu liliwaangusha chini wakiwa katikati ya shughuli hiyo. Wakainuka, wakajipangusa, wakamaliza, kisha kamanda akamwandikia mfalme barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa.

Mjomba nilimpeleka huko usiku wake wa mwisho. Wamegeuka kuondoka, nikamwona ameinua mkono wa saa karibu na uso, midomo inacheza. Nilidhani anasali. Nje getini akaniambia alikuwa anahesabu hatua kwa dakika, kama alivyokuwa amehesabu Buckingham.

"Mia na kumi na sita," akasema. "Polepole kidogo kuliko nilivyofundisha mimi. Lakini hawajakosea hata moja."